Namba Iliyokataa Kugawanywa

Wasichana wengine wa Nyabiondo walikuwa na mbuzi, au shamba dogo la maharage waliloachiwa na mama zao. Adelaïde alikuwa na namba. Aliipata mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka kumi na saba, na kwa miaka mitatu hapakuwa na mtu kati ya Masisi na Walikale aliyeweza kuigawa.

Alizaliwa upande wa Walikale, ndani ya msitu, binti wa Léonard, mwindaji wa nyavu. Mama yake alipofariki, Léonard alimpeleka kwa dada yake, Sidonie, aliyeolewa Nyabiondo, huko ambako msitu unachoka na milima inaanza, na ambako ukungu wa asubuhi hulala juu ya mihogo kama ng'ombe mzee asiyetaka kuamshwa. Shule ya misheni aliisoma miaka minne. Akatoka akijua kusoma, kuandika, na kugawanya kwa njia ndefu, ile ambayo namba hushuka chini ya namba mpaka ukurasa uishe. Yaliyobaki aliyajua kwa mikono, maana kazi yake ilikuwa kusuka mikeka.

Mikeka ya kwao haianzi ukingoni. Inaanza kwenye pembe. Msukaji huchukua vipande vyembamba vya kekele, ule mmea wa msituni unaopanda juu ya miti, kumi vikielekea huku na kumi vikielekea kule, akavipishanisha huku pembe moja ikiwa imeelekea magoti yake. Katika mstari wa kwanza vipande vinapishana mara moja tu. Katika wa pili, mara mbili. Katika wa tatu, mara tatu. Hivyo hivyo kazi inapanuka mpaka tumboni mwa mkeka, mara kumi, halafu inaanza kupungua: tisa, nane, saba, mpaka pembe ya upande wa pili, mara moja. Adelaïde alihesabu kwa sauti ili asipotee. Majirani walizoea kumsikia akipanda hadi kumi na kushuka, mchana kutwa, kama mtu anayevuka kilima kilekile bila kukichoka.

Siku moja alikuja Hilaire kuagiza mkeka wa kulalia. Alikuwa monitere, ndivyo walimu wetu walivyoitwa wakati huo, kijana mrefu aliyemaliza chuo cha ualimu miezi michache iliyopita, mwenye vumbi la chaki kwenye kola hata siku ya Jumapili. Alisimama akimsikiliza Adelaïde akihesabu, akasahau alichokuja kuomba.

“Dada,” alisema, “unajua uko unafanya nini?”

“Niko nasuka. Weye unaona nini, niko napika ugali?”

“Uko unazidisha.”

Akachuchumaa, akatoa kibao chake cha kuandikia, akaandika mia moja na kumi na moja mara mia moja na kumi na moja. Safu tatu za moja tupu, kila safu ikiwa imesogea hatua moja kushoto kuliko iliyo juu yake, kama vipande vya kekele vilivyolazwa upande. Alipozijumlisha kwenda chini alipata 12321. Moja, mbili, tatu, mbili, moja.

Adelaïde alikitazama kibao, akautazama mkeka, akakitazama kibao tena.

“Huu mukeka iko wangu,” alisema. “Nani alikupatia?”

“Hakuna aliyenipatia. Iko hesabu.”

“Andika moja tisa. Mara moja tisa.”

Hilaire akafuta kibao, akaandika tarakimu moja mara tisa, akaizidisha kwa ndugu yake aliyefanana naye kabisa. Ilichukua muda, na safu ya mwisho ilibidi aiandike kwenye ukingo wa mbao. Jibu lilikuwa 12345678987654321. Lilikuwa refu kuliko namba yoyote ambayo Adelaïde aliwahi kuiona, na bado kila tarakimu ilikaa mahali ambapo angeweza kuikuta akiwa amefumba macho. Alicheka mpaka vipande vikamtoka mikononi na kazi ya asubuhi nzima ikafumuka. Hakujali. Alichukua kipande cha kaa la moto lililozimika, akaenda kwenye mlango wa jiko la shangazi yake, na bila kuzidisha chochote akaandika ile ya kumi, jinsi alivyoisuka maelfu ya mara:

12345678910987654321

“Njo hii,” alisema, yaani ndiyo hii.

“Hapana,” alisema Hilaire. “Pale umekosea.”

Akamfanyia hesabu yenyewe. Zile kumi za katikati haziwezi kukaa mahali pa tarakimu moja. Zinaacha sifuri na kumtupia jirani moja. Jirani ni tisa, naye anakuwa kumi, anaacha sifuri na kumtupia moja jirani yake. Nane anakuwa tisa. Jibu sahihi ni 1234567900987654321.

“Nane ya upande wa kushoto iko wapi?” aliuliza Adelaïde.

“Imekuwa tisa.”

“Na hizi sifuri mbili?”

“Njo mahali zile zingine zilihama.”

“Kwa hiyo katikati ya mukeka wako muko matundu mawili, na mustari mumoja umeliwa. Kaka, mimi nikimupelekea muntu mukeka wa namna hiyo, atanifukuza na fimbo mpaka Walikale.”

“Lakini iko sahihi.”

“Iko sahihi na inavuja.”

Sidonie, aliyekuwa akichambua maharage karibu, alisema kwamba mwalimu akitaka kubishana na mlango wa jiko lake aje na kuni. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, ikiwa ule ni ugomvi. Adelaïde alitaka kujua ni namba ipi kati ya zile mbili iliyo na nguvu, na njia pekee ya kuipima namba aliyokuwa nayo ni kuigawa. Ile ya Hilaire ilikufa mapema: ilikatika kwa kumi na moja, hakikubaki kitu. Yake aliikata kwa mbili, ikabakiza moja. Kwa tatu, moja. Kwa nne, tano, sita, moja, moja, moja. Saba ilibakiza tano, akaikasirikia saba kwa kujifanya tofauti. Nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili: moja, moja, moja, moja, moja. Karibu kila mara mtu mmoja alibaki amesimama mlangoni bila sahani.

“Namba yako ya ukweli imegawanyika kama muhogo,” alimwambia Hilaire. “Yangu ya makosa, hapana.”

Hilaire alirudi nyumbani bila kuagiza mkeka.

Misiba ya milima ile imeandikwa sana, na itaendelea kuandikwa. Furaha ya mwaka ule haikuandikwa na mtu, labda kwa sababu haikuacha majivu. Lakini ilikuwapo, na ilianza kwa Barthélemy.

Barthélemy alikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi katika shamba la kwinini la mlowezi mmoja. Alikuwa na kofia, filimbi, na tabia ya kumalizia watu sentensi zao. Hakuwa mtu mbaya. Alimwona Adelaïde sokoni, akatuma watu Walikale kumposa, na mwanzoni mwa mwaka 1952 Léonard alikuja Nyabiondo na wenzake sita wa nyavu kusikiliza neno. Chungu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kiliwekwa katikati ya ua. Desturi ya kwao ilikuwa fupi. Binti anachota kwa kibuyu, anakunywa kwanza, kisha anampa mwanamume. Akifanya hivyo, ameolewa kwa neno, mengine yanafuata. Akikataa, wageni wanaondoka na koo kavu, na baba yake anabaki na aibu ya siku mbili za njia.

Adelaïde alichota. Akasimama na kibuyu mkononi, hakunywa, hakurudisha. Alimtazama Barthélemy, aliyekuwa amekwisha kunyoosha mkono. Alikuwa na miaka kumi na minane na alichotaka kwa wakati ule si mume huyu wala mwingine. Alichotaka ni kuachwa na mlango wake wa jiko.

“Papa,” alisema, “namba yangu iko pale mulangoni. Muntu atakayeigawa, kila mumoja apate sawa na kisibaki kitu, njo nitakunywa naye.”

Watu walicheka. Léonard naye alianza kucheka, halafu akaona wenzake sita wanamtazama. Huko msituni, yeye ndiye aliyegawa nyama kila walipotoka na nyavu, na sheria zake zilikuwa tatu, alizirudia kila mara kabla ya kuinua kisu: kila mtu apate sawa, kisibaki kitu juu ya majani, na anayegawa asijipe zaidi. Miaka ishirini hakuna mtu aliyeondoka mbele yake akinung'unika. Mgawaji akiulizwa swali la kugawa mbele ya mashahidi hakimbii.

“Mugawaji, umesikia,” alisema mmoja wao.

“Nimesikia,” alisema Léonard. “Neno limefika juu ya majani. Atakayegawa, njo atakayekunywa.”

“Siku mbili zinanitosha,” alisema Barthélemy.

Hazikutosha. Wala wiki mbili. Barthélemy aliwaandikisha wafanyakazi wake, na asubuhi, badala ya kubandua maganda ya kwinini, watu kumi na wawili walionekana wamechuchumaa kati ya miti wakikwaruza ardhi kwa vijiti, kila mmoja na namba yake ya kugawia, mpaka mlowezi akapita na kuuliza kama wanatega panya. Kutoka hapo ugonjwa ulienea. Wanawake waliotoka kisimani walishusha mitungi kuangalia ishirini na tatu imefika wapi. Mama mmoja mwenye watoto saba aliposikia kwamba saba inabakiza tano, alisema hao watano anawajua, ndio wanaomaliza ugali. Watoto waliiimba namba yenyewe wakipanda kilima cha shule, na walijitahidi wafike kileleni wakisema kumi, ili washuke upande wa pili mbio na tisa, nane, saba, sita, wakianguka juu ya mbili na moja kwenye nyasi.

Aliyepatwa zaidi ni Émile, katekista. Alianza kwa kumi na mbili, kwa heshima ya mitume, ikabakiza moja.

“Huyo njo Yuda,” alisema, akatulia.

Kesho yake alijaribu kumi na tatu. Ilibakiza kumi na moja. Émile alikuja kwa Sidonie akitweta, karatasi mkononi.

“Mama Sidonie, kumi na moja! Njo wale waliobaki kisha Yuda kwenda.”

“Papa Émile, mukristu muzuri kama weye, unatafuta mitume mulangoni kwangu?”

“Sitafuti. Wao njo wananitafuta.”

Padre alimkataza kuyasema hayo katika mafundisho. Hakuyasema tena, ila aliendelea kugawa, na kila alipokutana na Hilaire njiani walibadilishana masalio kama watu wengine wanavyobadilishana habari za wagonjwa: kumi na saba, tano; kumi na tisa, tatu; ishirini na tatu, kumi. Na wote wawili wakaondoka wakiwa wepesi, sijui kwa nini, kana kwamba kushindwa kwenyewe kulikuwa kileo.

Leo tunajua jambo ambalo wao hawakulijua. Wenye hesabu wameipima namba ile kwa mashine, na imethibitika kwamba ni namba tasa: hakuna namba nzima inayoigawa bila kubakiza, isipokuwa moja na yenyewe. Ukubwa wake ni wa kutisha, na katika ukubwa huo wote, katika njia zote ambazo mtu angeweza kudhani amepata ufa, hakuna ufa. Msichana wa mikeka aliandika kosa juu ya mlango wa jiko, na kosa lile lilikuwa gumu kuliko jiwe. Huwa nawaza ni namba ngapi ndefu mtu angeweza kuzikosea siku ile, na karibu zote zingekatika. Yeye alikosea hiyo.

Kwa hiyo alikuwa salama dhidi ya Barthélemy. Tatizo lilikuwa kwamba kufikia mwaka wa pili hakutaka tena kuwa salama dhidi ya kila mtu.

Hilaire alikuwa anakuja kila Alhamisi baada ya masomo, na daftari. Hakugawa ovyo kama wafanyakazi wa kwinini. Alikuwa na utaratibu: kama mbili imeshindwa, basi nne na sita na nane hazina haja ya kujaribiwa, alipita tu kwenye namba ambazo zenyewe hazigawanyiki, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayegonga milango ya kijiji. Adelaïde alihakiki kila ukurasa. Vichwa vyao vilikaribiana juu ya daftari, na mara nyingi, masalio yalipotokea, walikuwa wakicheka kabla hata ya kuyaandika. Daftari la kwanza lilijaa, la pili likajaa. Siku Hilaire alipopita elfu moja alileta samaki mkavu washerehekee, na Sidonie aliwaambia kwamba amewahi kuona watu wakisherehekea mavuno, ubatizo na mvua, lakini kusherehekea kutopata kitu ndiyo mara yake ya kwanza.

“Adelaïde,” alisema Hilaire siku hiyo, akitazama samaki, “mimi sigawi tena kwa sababu ya namba.”

“Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu mia mbili na kumi na moja. Ulikosea kutoa, ukaona haya, sikio likakuwa nyekundu.”

Kisha akamvunjia kipande cha samaki. “Nilijenga uzio,” alisema, “nikasahau kuweka mulango.”

Mwaka 1954 Barthélemy alichoka. Alimtumia Léonard ujumbe wa heshima kabisa: yeye ndiye aliyekuja kwanza, amengoja kuliko mwanamume yeyote wa Masisi, na swali lisilo na jibu si swali bali ni dharau. Léonard alikubali kwamba kuna haki ndani ya maneno hayo. Akarudisha jibu: maharage ya mwezi wa sita yakishavunwa, atakuja. Ikiwa siku hiyo hakuna aliyeigawa namba, neno limekufa, na Adelaïde atampa kibuyu Barthélemy.

Maharage yaliiva vizuri mno mwaka ule. Adelaïde hakuwahi kuyachukia kabla. Yeye na Hilaire waligawa asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Waligawa juu ya karatasi, juu ya migomba, juu ya udongo wa njia. Bado walicheka, hawakuweza kujizuia, lakini kicheko kilikuwa kimepanda juu kifuani kama cha watu wanaoteremka mteremko na kugundua kwamba miguu haiwasikii.

“Naweza kuandika hesabu ya uongo,” alisema Hilaire Jumamosi ya mwisho. “Kurasa kumi. Nani ataikagua?”

“Émile.”

“Émile atachoka.”

“Na mimi.” Alimtazama moja kwa moja. “Ukinidanganya juu ya namba, kesho utanidanganya juu ya nini? Hapana. Ao tunaigawa, ao haigawanyiki.”

Siku ya Jumapili, baada ya misa, ua wa Sidonie ulijaa. Chungu kiliwekwa katikati. Léonard alikaa juu ya kigoda, wenzake sita nyuma yake. Kibuyu kilikuwa mikononi mwa Adelaïde, naye alikishika kama mtu aliyeshika nyoka aliyelala.

“Kuna muntu ameigawa?” aliuliza Léonard.

Hilaire aliinamisha kichwa. Daftari zake nne zilikuwa kwapani.

“Mimi,” alisema Barthélemy.

Alisimama, akavua kofia. Hakuwa na karatasi hata moja.

“Ninaigawa kwa moja,” alisema. “Muntu mumoja anaichukua yote. Kisibaki kitu, hakikubaki. Kila mumoja apate sawa, yuko mumoja, amepata sawa na nafsi yake. Monitere, nimekosea?”

Kila jicho likamgeukia Hilaire. Angeweza kupinga, hata kwa kukohoa tu. Alikuwa mweupe mdomoni kama mtu aliyelamba chaki.

“Hesabu iko sahihi,” alisema.

Adelaïde alihisi kibuyu kikiwa kizito. Barthélemy alinyoosha mkono, uleule wa miaka miwili iliyopita.

“Ngoja,” alisema Léonard. Alikuwa amekunja uso, akiwaza, na ilionekana anawaza kwa mikono, kwa maana vidole vyake vilikuwa vinasogea kama vinapanga vipande juu ya majani. “Kwetu, watu wakitoka na nyavu, mumoja akabeba munyama muzima akaenda naye nyumbani, hatusemi amegawa.”

“Munasema nini?” aliuliza Barthélemy.

“Tunasema amekimbia na nyama.”

Wale sita walicheka kwa sauti moja, na mmoja alisema anakumbuka mtu wa namna hiyo, wanamtafuta hadi leo. “Sheria ya tatu,” alisema Léonard. “Anayegawa asijipe zaidi. Weye umejipa yote. Hesabu yako iko muzuri, mwanangu, lakini si ya kugawa.”

“Basi hakuna aliyegawa,” alisema Barthélemy, na sauti yake ilikuwa imara. “Na kama hakuna, neno limekufa, na mimi njo wa kwanza.”

Alikuwa na haki. Léonard alifumbua kinywa kulikubali hilo, na ndipo Hilaire alipotoa kelele ndogo ya ajabu, kama mtu aliyekanyaga mwiba akaona ni wa dhahabu. Daftari zote nne zilianguka.

Chuoni walimfundisha, naye akawafundisha watoto wake, kwamba mtu akitafuta namba inayogawa nyingine, moja na namba yenyewe havihesabiwi. Hutajwa, huwekwa kando, hesabu inaendelea. Miaka mitatu alipita juu ya milango hiyo miwili bila kuigonga, kwa sababu ya adabu ya shule. Barthélemy, asiye na adabu hiyo, alikuwa amefungua mmoja kwa teke.

“Papa Léonard,” alisema Hilaire, “mimi naigawa.”

“Kwa ngapi?”

“Kwa yenyewe.”

Léonard alimtazama.

“Ninaita watu,” alisema Hilaire, na maneno sasa yalikuwa yanamkimbia, “watu wengi kama namba yenyewe. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi, tisa, nane, saba, sita, tano, nne, tatu, mbili, moja. Hao wote. Kila muntu ninamupa moja. Moja tu. Hakuna anayepata mbili. Hakikubaki kitu juu ya majani. Na mimi ninayegawa, niko mumoja wao. Ninapata moja.”

“Hao watu utawatoa wapi?” alisema Barthélemy. “Dunia nzima haina watu wale. Ukiweka na wafu haina.”

“Namba haikuuliza watu wako wapi,” alisema Émile kutoka nyuma, akiwa amesimama juu ya kinu ili aone. “Iliuliza kama itatosha. Inatosha.”

Léonard aliinua kidole cha kwanza. “Kila muntu amepata sawa?”

“Moja moja.”

Cha pili. “Kimebaki kitu?”

“Hapana.”

Cha tatu. “Umejipa ngapi?”

“Moja.”

Mzee alivikunja vidole vyote vitatu. Kisha akamgeukia Barthélemy. “Weye ulijigawia yote. Huyu, katika kugawa kwake, na weye umepata.”

“Nimepata nini?”

“Moja,” alisema Léonard. “Kama mimi.”

Kwa muda Barthélemy alionekana kama atakasirika. Alitafuta sentensi ya kumalizia na hakuna mtu aliyekuwa ameianza. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akauficha uso wake nyuma ya kofia, na watu wakadhani analia, mpaka walipomsikia. Alicheka kwa namna ya mtu aliyeshindwa na kitu kikubwa mno hata kushindwa si aibu.

Adelaïde alikunywa. Alicheka katikati ya kunywa, kasiksi ikampanda puani, akakohoa, akanywa tena ili isisemwe kwamba hakumeza, na kumpa Hilaire kibuyu kwa mikono miwili, kwa haraka hata nusu ikamwagika juu ya viatu vyake. Hilaire alikunywa iliyobaki. Wale wawindaji sita walipiga makofi mara moja kwa pamoja, wakaanza kudai moja yao.

“Kila muntu apewe,” alisema Léonard. “Tumesema mbele ya mashahidi.”

Basi kibuyu kikajazwa tena, kikaanza kuzunguka, funda moja kwa kila mtu, Barthélemy wa kwanza. Émile alishuka kutoka juu ya kinu na kuwahesabu walipokuwa wanakunywa, kwa makini, akigusa kila bega. Walikuwa thelathini na wanne pamoja na watoto. Aliokota daftari moja la Hilaire, akatafuta ukurasa mweupe, akatoa, akahakiki, akasafisha koo.

“Wamebaki,” alitangaza, “watu 12345678910987654287.”

Sidonie aliinama juu ya chungu, akakitikisa, akasikiliza.

“Papa Émile,” alisema, “waambie wakae chini wangoje. Naenda kukata ndizi.”